Mabaki ya Utumwa na Vita vya Marekani: Yashuhudia Nini?

Somo letu la leo ni la tarehe, nalo ni la nchi iliyo mbali nasi, illa mambo yake hayako mbali kama wengi wadhaniavyo. Mwaka 1860 palikuwa na watumwa karibu milioni 4 katika Marekani. Majimbo ya kusini, ambayo utajiri wake ulisimama juu ya migongo ya watu hao, yakajitenga kwa kuchelea kunyang'anywa mali hiyo, vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1861 hata 1865. Watu zaidi ya 600,000 walikufa. Mwezi wa Disemba 1865 utumwa ukaondolewa kwa sheria katika nchi nzima.

Hayo yamo vitabuni, na kila mwenye kutaka aweza kuyasoma. Tutakalo kulitazama sisi ni jambo jingine: vile vitu vyenyewe vilivyosalia, yaani nguo, vyuma, karatasi na picha, vyashuhudia nini, na mtu atapambanuaje shahidi wa kweli na wa uongo? Sababu ya kuuliza ni hii. Wenye watumwa wa Marekani walikuwa wakisema kwamba watumwa wao wameridhika. Kwamba wanalishwa, wanavikwa, wanauguzwa, nao huwapenda mabwana zao kama wana wapendavyo baba zao. Maneno kama hayo twayasikia hata leo katika baraza zetu, yakisemwa juu ya utumwa wa pwani. Msemaji wake siku zote ni wa upande wa aliyemiliki, maana huyo ndiye aliyekuwa na kalamu. Aliyemilikiwa mara nyingi hakuachiwa kalamu wala karatasi. Ushahidi wake wataka kutafutwa mahali pengine.

Mwanafunzi wa elimu ya hadithi akiletewa khabari huuliza maswali mawili: ni nani aliyeipokea kwa nani, na je, maneno yenyewe yakubalika? Hiyo ndiyo sanad na matini. Hatusemi kwamba picha ina daraja ya hadithi, hasha. Twaazima njia ya wanavyuoni katika kupima khabari, na njia hiyo yafaa kwa kitambaa kama ifaavyo kwa neno.

Tuanze na picha iliyoenea kuliko zote. Mwaka 1863 mtumwa mmoja alitoroka shamba katika Louisiana, akasafiri siku kadhaa akiwindwa na mbwa, akijipaka vitunguu mwilini ili mbwa wapoteze harufu yake, hata akafika kambi ya jeshi la kaskazini huko Baton Rouge. Alipovua shati apimwe na daktari, mgongo wake ulionekana umejaa makovu ya mjeledi, yamevimba na kupandana kama mizizi ya mti. Wapiga picha wawili, McPherson na Oliver, wakampiga picha akiwa amekaa, mgongo umeelekezwa kwetu, mkono kiunoni, uso umegeuzwa upande. Picha ikachapwa juu ya kadi ndogo ya kiasi cha kiganja, ikauzwa na kusambazwa, na tarehe 4 Julai 1863 jarida la Harper's Weekly likaitoa kwa kuchora.

Sasa tupime. Jarida lile lilimwita Gordon, na khabari nyingine za wakati ule zamwita Peter, na wachunguzi wa zama zetu wameona kwamba huenda jarida liliunganisha watu wawili wakawa mmoja. Hapo sanad ina kasoro. Walakini matini yamesimama: mgongo ni mgongo, na makovu yale hayakuchorwa na mtu. Mwenye kusema kwamba watumwa walipendwa kama wana na aieleze picha hiyo kwanza.

Lakini zipo picha zisizosimama. Vyombo vya siku zile vilitaka mtu atulie sekunde kadhaa, basi havikuweza kuchukua mbio za vita. Vilichukua kilichotulia, na kilichotulia zaidi uwanjani ni maiti. Baada ya vita vya Gettysburg, Julai 1863, Alexander Gardner na mwenzake O'Sullivan walipiga picha ya askari wa kusini aliyelala amekufa baina ya mawe, bunduki imeegemezwa ukutani. Watu walilia juu ya picha hiyo zaidi ya miaka mia. Halafu mtafiti mmoja alizilinganisha picha zao moja moja, akaona maiti yule yule mahali pengine. Wapiga picha walimbeba wakampeleka penye mawe ili picha ipendeze. Maiti ni wa kweli, na mahali ni pa kweli, na khabari ni ya uongo.

Mbaya kuliko hiyo ni picha ya askari weusi waliopigwa picha karibu na Philadelphia mwaka 1864, wamejipanga katika sare za jeshi la kaskazini. Miaka mingi baadaye mtu aliikata ikaondoka sehemu yenye afisa wao mzungu, akaibandika jina la kikosi cha kusini, ionekane kwamba watumwa walipigana kwa hiari yao kuutetea utumwa. Zipo na picha zisizokatwa ambazo hupotoa vile vile. Katika maktaba ya taifa ya Marekani iko picha ya sajini Andrew Chandler wa Mississippi, ameketi na mtu mweusi aitwaye Silas, wote wamevaa nguo za vita na kushika silaha. Walikuwako waliosema: mwaona, hawa ni marafiki wawili, askari na askari. Silas alikuwa mtumwa wa jamaa ya Chandler, alipelekwa vitani kumtumikia bwana wake. Picha yaonyesha kilicho mkononi. Kilicho moyoni haikionyeshi.

Tuache picha, tutazame kitambaa. Kuna mfuko wa pamba wa kutilia nafaka, umechakaa na kutiwa viraka, uliokutwa katika soko la vitu vikuukuu huko Tennessee mwaka 2007. Juu yake mwanamke mmoja, Ruth Middleton, alitarizi kwa uzi mistari michache mwaka 1921. Asema kwamba mama wa bibi yake, aitwaye Rose, alimpa mfuko huo bintiye Ashley siku aliyouzwa, naye ana umri wa miaka 9, katika South Carolina. Ndani mlikuwa na kanzu iliyoraruka, makonzi matatu ya njugu za miti ya kule, na msuko wa nywele za Rose mwenyewe. Na mama alimwambia mtoto kwamba mapenzi yake yamo humo siku zote. Hawakuonana tena.

Hii ni sanad ya watu walio wachache na wanaojulikana: Rose kwa Ashley, Ashley kwa mjukuu wake Ruth. Watafiti walipekua daftari za mirathi za South Carolina wakitafuta majina haya mawili pamoja, kwa kuwa Ashley ni jina lililokuwa nadra kwa watumwa wa kike. Wakayaona katika orodha ya mali ya tajiri mmoja wa Charleston aliyefariki mwaka 1852, wameandikwa pamoja na vitu vya nyumba, mbele ya kila jina bei. Yaelekea sana kuwa ndio wao. Basi sisi tumeachiwa karatasi mbili za kisa kimoja: ya bwana yasema bei, na ya mtumwa, ambayo si karatasi bali ni mfuko, yasema nywele na njugu. Tarehe ya miaka mingi iliandikwa kwa ile ya kwanza peke yake.

Katika mji huo huo wa Charleston zapatikana ardhini bamba ndogo za shaba zenye tundu la kutia uzi. Zimepigwa chapa ya mwaka, nambari, na kazi: mtumishi, mchukuzi, mvuvi, fundi. Mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kufanya kazi mjini hakuwa na ruhusa kutembea bila hiyo, na kila mwaka bwana hununua mpya kwa baladia. Jina la mtu halimo. Na huko Alexandria katika Virginia askari wa kaskazini walipouingia mji mwaka 1861 walikuta nyumba yenye kibao kikubwa mbele, kimeandikwa wazi kwamba Price, Birch na wenzao ni wafanyaji biashara ya watumwa. Picha zake zipo, na za vyumba vya nyuma vilivyofungiwa watu. Hawakuona haya kuandika. Jambo hilo lanishangaza kuliko pingu.

Kuna picha nyingine ambazo twazitaja bila kumshauri mtu kwenda kuzitazama. Mwaka 1850, kwa agizo la Louis Agassiz, mwalimu wa Harvard, mpiga picha Zealy wa Columbia, South Carolina, aliwapiga picha watumwa saba, wanaume na wanawake, wamevuliwa nguo. Mwalimu yule alitaka hoja ya kwamba weusi si wa asili moja na weupe. Miongoni mwa saba hao ni Renty na bintiye Delia. Baba na binti wote wawili walivuliwa. Mmoja, Fassena, kibandiko chake chasema ni Mmandingo, na Wamandingo ni watu walioenewa na Uislamu kwa karne nyingi. Mabamba hayo yalionekana katika sanduku la makumbusho ya Harvard mwaka 1976. Mwaka 2019 bibi Tamara Lanier, asemaye kwamba yeye ni kizazi cha Renty, alikishitaki chuo hicho, na mwaka 2025 wakapatana mabamba yaondoke Harvard yapelekwe makumbusho ya Waamerika wa asili ya Afrika huko Charleston. Katika sheria yetu heshima ya mtu haikatiki kwa kufa, na stara ya maiti ni juu ya walio hai. Elimu iliyomvua mtu nguo kwa nguvu haikuwa elimu ya kutafuta haki, na sisi hatuhitaji kuwaona ili tujue walilofanyiwa. Yatosha kujua kwamba walifanyiwa.

Na sasa tufike kwa wale walio ndugu zetu katika dini, maana wengi wetu hawana khabari kwamba katika mashamba yale mlikuwa na Waislamu wenye kusoma na kuandika.

Omar ibn Said alizaliwa karibu na mwaka 1770 katika Futa Toro, nchi iliyo leo Senegal. Alisoma elimu miaka 25, na amewataja masheikh wake kwa majina, akiwamo ndugu yake Sheikh Muhammad Said. Mwaka 1807 lilikuja jeshi kubwa, likaua watu wengi, likamteka yeye na kumpeleka kwenye bahari kuu, akauzwa kwa Wanasara, akasafirishwa mwezi na nusu hata Charleston. Bwana wake wa kwanza asema alikuwa mtu mwovu asiyemcha Mungu. Akamkimbia hata Fayetteville, North Carolina, akaingia katika nyumba ya ibada asali, akakamatwa na kufungwa gerezani siku 16. Humo gerezani aliandika Kiarabu ukutani, watu wakaja kumtazama kama kioja. Akanunuliwa na James Owen, akakaa katika nyumba hiyo hata kufa kwake, karibu na mwaka 1864, katikati ya vita, bado mtumwa.

Tunajuaje haya? Kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu, kurasa chache za khati ya Kimaghribi, na kitabu hicho kimo katika maktaba ya taifa ya Marekani tangu 2017. Katika yote yaliyoandikwa na watumwa wa nchi ile, hicho ndicho kitabu cha maisha kijulikanacho kilichosalia kwa Kiarabu. Wazungu waliomzunguka walisema amekuwa Mnasara, akabatizwa, na kweli katika maandishi yake amewataja kwa wema na kusema kwamba alisomewa Injili. Lakini amekifunguaje kitabu? Kwa Bismillahi, na kumsalia Mtume, kisha Suratul Mulk, ameiandika kutoka moyoni baada ya miaka 24 ya utumwa. Msomaji aijuaye sura hiyo anajua imeanza na nini: kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mtu anayemilikiwa na mtu, anapoambiwa aandike khabari zake, aanza na kusema mmiliki ni nani. Mabwana zake hawakuweza kuisoma.

Na kuna kikaratasi chake kingine, cha mwaka 1857, ambacho Mzungu aliandika juu yake kwamba ni Sala ya Bwana, ile wasaliyo Wanasara, imetafsiriwa kwa Kiarabu. Mtoto wa chuoni Mombasa akipewa karatasi hiyo ataisoma bila taabu: ni Suratun Nasr. Hatuwezi kuhukumu yaliyokuwa moyoni mwa mzee huyo, na ajuaye ni Mola wake. Ila twaona jinsi kosa la msomaji mmoja asiyejua lugha lilivyofunga mdomo wa karatasi miaka na miaka.

Vivyo hivyo yalimpata Bilali Muhammad, mtu wa Futa Jallon, aliyekuwa nyapara wa shamba la Thomas Spalding katika kisiwa cha Sapelo, Georgia. Yasimuliwa kwamba mwaka 1813, Waingereza walipokitishia kisiwa, bwana wake alimpa bunduki kama 80 akasimamia watumwa wenziwe kukilinda. Aliacha kijitabu cha kurasa 13 kwa Kiarabu. Watu walidhani ni daftari ya shamba au khabari za siku zake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilipelekwa nakala yake kwa wanavyuoni wa Kano, wakasoma wakaona ni fiqhi: mlango wa udhu, wa adhana, wa sala, kutoka katika Risala ya Ibn Abi Zaid al-Qairawani, ya madhehebu ya Malik. Mtu aliyetolewa kwao kijana, bila kitabu, alikaa mbele ya bahari asiyoweza kuivuka akaandika yale aliyoyahifadhi utotoni, pengine ili watoto wake wasiyapoteze. Vitukuu vyake walipoulizwa katika miaka ya 1930 walikumbuka wazee wakisali juu ya mkeka na kuhesabu tasbihi, na maandazi ya mchele yaliyogawiwa watoto siku maalumu, jina lake saraka. Hawakujua maana ya neno hilo. Wewe unalijua, ni sadaka.

Hapa huenda msomaji akafurahi kwamba sisi ni upande wa waliodhulumiwa. Na ataje basi habari ya Nicholas Said. Katika jeshi la kaskazini walihudumu weusi karibu 180,000, kwa muda mrefu wakilipwa pungufu kuliko weupe, hata mwaka 1864 walipofanywa sawa. Mmoja wao, katika kikosi cha 55 cha Massachusetts, ni huyu, na picha yake katika sare ya vita ipo. Alizaliwa karibu na 1836 huko Borno, jina lake Muhammad Ali bin Said, baba yake amiri wa jeshi. Ni nani aliyemteka? Watuareg, Waislamu. Ni nani aliyemmiliki Tripoli? Mtu aitwaye Haji Daud, naye ndiye aliyemchukua Makka kumtumikia. Baadaye akauzwa kwa Warusi, wakambatiza, na mwisho akafika Marekani mtu huru, akashika bunduki kuwakomboa wengine. Alipoandika maisha yake mwaka 1873 aliyataja haya yote bila kuficha. Hizo ni sanad zinazopita nyumbani kwetu.

Na kuna kitu kingine ambacho kila mmoja wetu amekishika kwa mkono wake: merikani. Sultani Said bin Sultan alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zikileta Unguja nguo nyeupe ngumu za viwanda vya kule, zikichukua pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya nguo hizo ililimwa na watumwa wa kusini. Nguo zikapanda bara pamoja na misafara, ndizo zilizokuwa fedha ya njiani, zikanunuliwa kwazo pembe, na wachukuzi, na watu. Kitambaa kilichofumwa kwa pamba ya mtumwa wa Georgia kiliweza kuwa bei ya mtumwa wa Ziwa Nyasa. Vita vya 1861 vilipozuia pamba, nguo hiyo iliadimika sokoni, zikaingia za Kiingereza na za Bombay, jina likabaki. Sanda zetu tunakata kwa jina hilo.

Sheria yetu imefungua milango ya kuacha huru isiyo na idadi: kafara, fungu la zaka katika Suratut Tauba, mkataba wa kujikomboa katika Suratun Nur, na Suratul Balad imekutaja kumfungua mtumwa kuwa ni kupanda njia ya mlima. Lakini mlango ukiwa wazi si dalili kwamba watu walipita. Huko West Indies Waingereza waliwapigia watumwa chapa Biblia mwaka 1807, imekatwa visa vya Waisraeli kutoka Misri, ili wasisome khabari za kukombolewa. Nakala moja iko Chuo Kikuu cha Fisk, Marekani. Sisi hatukukata msahafu, alhamdulillahi. Tulizisoma aya zote, tukaweka watumwa hata serikali za kigeni zilipokataza, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, na hata leo wako wanaovunja posa ya kijana msomi mcha Mungu kwa sababu ya babu wa babu yake, wakisema ni kufu. Mwenye kutumia fiqhi hivyo na atuambie tofauti yake na yule aliyeikata Biblia.

Kwa hiyo twaleta ombi. Mwanzo wa mwaka 1889 Rabai walipewa karatasi za uhuru watoro zaidi ya 1,400, waliolipiwa na Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza. Na kabla na baada ya hapo makadhi wetu waliandika hati za kuacha huru kwa Kiarabu na Kiswahili. Nyingine zimo masandukuni, na tumesikia za kuchomwa kwa kuona haya, wengine haya ya babu aliyemilikiwa, wengine ya babu aliyemiliki. Aliye nayo asiichome. Aje nayo darasani baada ya sala ya Isha, isomwe mbele yake na kunakiliwa, kisha airudishe kwake. Kitakachoandikwa katika daftari ni tarehe ya Hijra, jina la kadhi na mashahidi, sababu ya kuachwa huru kama ilitajwa, na jina la aliyeachwa. Na kama jina la mama yake limo, litaandikwa nalo.